"UTI sugu" ya wanaume: dozi tano zimeisha, mkojo bado unachoma

Alikuja dirishani jioni, duka likikaribia kufungwa, akajifanya anasoma tangazo la chanjo mpaka mama mwenye mtoto alipoondoka. Ndipo akasogea. Fundi cherehani, miaka thelathini na kitu, mkononi bahasha ya kaki iliyochoka. "Dokta," akasema, maana dirishani kila mvaa koti jeupe ni dokta, hata sisi wafamasia, "nina UTI sugu. Nataka kitu kikali kuliko hivi." Akamwaga kwenye kaunta maganda ya dawa na vikaratasi vya maabara.

Nikavipanga kwa tarehe. Miezi saba, maabara tatu, dozi tano: siprofloksasini siku tano, asithromaisini siku tatu, sindano za seftriaksoni, siprofloksasini tena, na mwisho metronidazoli aliyoshauriwa na jirani. Karatasi moja iliandika seli za usaha 3–5. Ya pili iliandika UTI na taifodi kwa pamoja, mapacha wanaozaliwa kila siku katika maabara zetu za mitaani. Ya tatu ilikuwa na neno UTI na alama mbili za kujumlisha, basi. Nilichokuwa nakitafuta sikukiona: hakuna aliyewahi kuuotesha mkojo wake maabara, kuona kama kuna bakteria wanaoota.

Tuanze na jina lenyewe. UTI ni maambukizi katika njia ya mkojo: bakteria wameingia, wakazaliana, na mwili umeanza kupambana nao. Njia hiyo huanzia kwenye figo mbili, ikashuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, kisha ukatoka mrija mmoja wa kupeleka mkojo nje. Kuungua wakati wa kukojoa si UTI. Kubanwa kila nusu saa, kuamka usiku mara nne, maumivu ya kinena, nazo si UTI. Hizo ni dalili. Moshi ukitoka jikoni kwa jirani huenda maharage yameungua, huenda kuni ni mbichi, huenda nyumba inateketea. Anayemwaga maji kila aonapo moshi, siku moja atazima moto wa kweli, na siku nyingine zote ataharibu maharage ya watu.

"UTI sugu" ndiyo imezidi kutuchanganya. Sugu ni nini hasa? Kwa mgonjwa mmoja ni bakteria wasioisikia dawa. Kwa mwingine bakteria wanaisikia, ila dawa haiwafikii walipo. Wa tatu ana kimelea cha aina nyingine kabisa, ambacho dawa zile hazikutengenezwa kwa ajili yake. Na wa nne, ambaye ni wengi kuliko tunavyodhani, hana bakteria yeyote. Wote wanne wanaitwa jina moja na kuandikiwa dozi ileile.

Tangi, bomba na dodoki

Chukua kibofu kama tangi la maji juu ya paa, na mrija wa mkojo kama bomba linaloshuka kutoka hapo. Kwa mwanamke bomba hilo lina urefu wa sentimita nne hivi. Kwa mwanaume ni kama sentimita 20. Safari ndefu hiyo ndiyo inayomkinga mwanaume, na ndiyo sababu kijana wa kiume mwenye UTI ya kweli inayojirudia hastahili kupewa dozi na kuambiwa aende. Lazima mtu aulize bakteria wamepitaje.

Chini kidogo ya tangi, likiwa limelizunguka bomba pande zote, kuna tezi dume. Mtaani utasikia "mzee ana tezi dume" kana kwamba ni ugonjwa. Kila mwanaume anayo, hata mtoto wa kiume aliyezaliwa leo asubuhi. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Ugonjwa ni pale inapovimba, inapokua kupita kiasi au inapopata saratani, na hayo ni mambo matatu tofauti.

Tezi hii ndani yake imejaa vijifereji, kama dodoki la kuogea. Umewahi kulisuuza dodoki ukadhani limetakata, ukaliminya, povu likatoka tena? Bakteria wakishaingia humo ndivyo wanavyokaa. Dawa nyingi tunazomeza huchujwa na figo na kujaa kwenye mkojo kwa wingi kuliko zilivyo kwenye damu, kwa hiyo tangi na bomba husafishika haraka, na mgonjwa siku ya tatu anasema amepona. Lakini kuingia ndani ya dodoki ni habari nyingine. Tezi dume ina kizuizi chake: dawa isiyopenya mafuta hubaki nje. Amoksilini na ndugu zake hupenya kidogo sana. Nitrofurantoini, dawa nzuri mno kwa kibofu, haifiki humo kwa kiwango cha kutibu. Siprofloksasini na wenzake hupenya vizuri, na trimethoprimu pia, ila nazo zinahitaji muda. Kwa bakteria waliojichimbia kwenye tezi dume, matibabu huwa ya wiki nne hadi sita. Dozi ya siku tano inawaamsha tu.

Ndiyo maana mwanaume mwenye hali hii hupata UTI ileile, ya bakteria wale wale, akapumzika mwezi, kisha ikarudi. Kipimo cha kumtambua ni cha zamani: mwaka 1968 madaktari Meares na Stamey wa Marekani walieleza namna ya kukusanya mkojo wa mwanzo, wa katikati, kisha majimaji ya tezi dume na mkojo unaofuata baada ya daktari kuikanda kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Bakteria wakiwa wengi baada ya kukanda kuliko kabla, basi wanaishi kwenye dodoki. Siku hizi wengi hutumia njia fupi ya vikopo viwili. Najua wanaume wengi huondoka hospitali wakisikia neno kidole. Ni kama dakika moja, nayo huenda ikakuokolea mwaka mzima wa dozi.

Karatasi ya maabara inasema nini hasa

Kijiti kinachochovywa kwenye mkojo na darubini inayohesabu seli vinaonyesha dalili za ugomvi, haviwaonyeshi wagomvi. Seli za usaha ni askari wa mwili. Mmoja wawili huonekana hata kwa mtu mzima wa afya. Wakiwa wengi, kuna kitu kinawaita, lakini kitu hicho chaweza kuwa jiwe, kisonono, kifua kikuu au uvimbe usio na kimelea. Seli 3–5, kama za fundi wetu, kwa zenyewe hazithibitishi chochote.

Anayejibu swali ni kuotesha: mkojo unawekwa kwenye chakula cha bakteria, unasubiriwa siku moja hadi mbili au tatu, na wakiota wanajaribiwa na dawa moja moja ili ijulikane ipi inawaua. Mradi wa utafiti uitwao HATUA uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda uliotesha mikojo ya wagonjwa zaidi ya 7,500 waliofika vituoni wakiwa na dalili za UTI. Waliothibitika kuwa na bakteria walikuwa takriban theluthi moja. Na miongoni mwa bakteria walioota, sehemu kubwa walikuwa sugu kwa aina kadhaa za dawa. Ukiziweka habari hizo mbili pamoja utaona mtego wetu: wengi wanameza dawa wasizozihitaji, na wachache wanaozihitaji wanakuta zimeshachoka.

Hata kuotesha kunaharibika kirahisi. Mkojo uchukuliwe kabla ya dozi mpya, si siku ya pili ya dawa, bakteria wakiwa wamejificha. Unajisafisha, unaacha wa mwanzo upite, unakinga wa katikati. Ila kama daktari anatafuta klamidia au kisonono, mambo yanageuka: hapo anataka mkojo wa mwanzo kabisa, kwa sababu vimelea hivyo vinaishi kwenye bomba, si kwenye tangi. Kikopo kimoja, saa moja, majibu mawili tofauti kulingana na tone ulilokinga.

Bakteria wakiwepo kweli

Tuseme wameota. Kwa nini hawaondoki? Usugu ndio jibu la kwanza, na kwa hilo sisi wa dirishani tuna lawama yetu. Kila nusu dozi inayouzwa kwa sababu mteja ana elfu mbili tu mfukoni ni somo kwa bakteria.

Jibu la pili ni kituko kidogo ninachokutana nacho kila wiki. Siprofloksasini ikimezwa pamoja na maziwa, mtindi, vidonge vya madini ya chuma au dawa ya kiungulia yenye aluminiamu au magnesiamu, hushikamana navyo tumboni na kiasi kikubwa hakiingii kwenye damu. Doksisaiklini nayo ina tabia hiyo. Mtu anaambiwa "dawa kali hii, kunywa na maziwa isikuunguze", naye anatii kwa siku tano, akiipeleka dawa chooni.

La tatu ni maji yaliyotuama. Tezi dume ikikua, jambo linaloanza kwa karibu nusu ya wanaume wanapofikia miaka 60, hubana bomba, na kibofu hakiishi mkojo. Unaobaki unakuwa dimbwi. Vivyo hivyo kwa kijana ambaye mrija wake umepata kovu na kuwa mwembamba kwa kisonono cha zamani kisichotibiwa, au kwa sababu ya mpira wa mkojo aliowekewa baada ya ajali. Utaua bakteria wa leo, wa kesho watazaliwa dimbwini. Hapa inahitajika ultrasaundi ya kabla na baada ya kukojoa, na jiwe la kibofu litafutwe papo hapo. Sukari nayo ipimwe. Kuna wazee waliogundua kisukari chao kwa njia ya UTI isiyokoma.

Kimelea kingine kabisa

Kuna wanaoambiwa "mkojo haukuota kitu" na kweli wana maambukizi. Klamidia na trikomonasi haziotei kwenye sahani ya kawaida. Kisonono kimeshaizoea siprofloksasini sehemu nyingi za dunia. Na hata dawa sahihi haifui dafu kama mwenza hakutibiwa: unatakata Jumatatu, unapakwa tena Ijumaa. Niseme pia kwamba UTI ya kawaida haihesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, bakteria wake wengi wakiwa E. coli wa utumbo wetu wenyewe, kwa hiyo karatasi yenye neno UTI si ushahidi wa usaliti wa mtu yeyote. Nimeona ndoa ikitikisika kwa herufi tatu hizo.

Halafu kuna kichocho. Kwa aliyekulia Unguja au Pemba, ukanda wa pwani, au mashambani kule Mwanza na Shinyanga, akaogelea mabwawani na kuvua majarubani, hili lisisahaulike. Minyoo yake hutaga mayai kwenye ukuta wa kibofu. Mkojo unachoma, unakuja mara kwa mara, na matone ya mwisho huwa na damu. Antibiotiki zote za duka langu hazimgusi mnyoo huyo. Prazikwanteli inamwua. Hata kipimo kina saa yake: mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri waweza kuonekana safi.

Kifua kikuu nacho, licha ya jina lake, hushuka hadi figo, kibofu na tezi dume. Alama yake ni seli za usaha nyingi huku kuotesha kwa kawaida kukitoka mikono mitupu mara kwa mara. Kinahitaji kipimo chake na matibabu ya miezi sita.

Pasipo na mdudu

Hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu, maana mgonjwa akisikia "hatujaona bakteria" anasikia "unajisingizia". Fundi wetu alirudi baada ya wiki mbili. Nilikuwa nimekataa kumwuzia dozi ya sita na nikamwelekeza hospitali ya rufaa, na alikwenda huku amenuna. Mkojo ulioteshwa mara mbili: hamna. Klamidia hamna, kisonono hamna, kichocho hamna, sukari safi, kibofu kinaisha vizuri. "Kwa hiyo dokta," akaniuliza, "mnasema siumwi?"

Anaumwa. Wanaume wenye maumivu ya muda mrefu yanayohusishwa na tezi dume, tisa kati ya kumi au zaidi hawana bakteria. Madaktari wana jina refu kwa hali hii. Mimi huiita maumivu sugu ya nyonga, na kigezo chake ni maumivu ya angalau miezi mitatu ndani ya miezi sita, bila maambukizi yanayoonekana. Maumivu hukaa kati ya korodani na njia ya haja kubwa, au kinenani, au kwenye ncha ya uume, na mara nyingi huongezeka baada ya kutoa shahawa. Chanzo si kimoja. Wengine walianza na maambukizi ya kweli yaliyokwisha, lakini mishipa ya fahamu ikabaki inapiga kengele, kama king'ora cha gari kinacholia wakati mwizi ameshafika Kibaha. Wengine shida ni misuli inayoshikilia kibofu na utumbo kwa chini, ile unayoikaza ukibanwa na mkojo ndani ya daladala kwenye foleni. Fikiria kuikaza hivyo saa kumi kwa siku, bila kujua, kwa miezi.

"Lakini nikimeza sipro napata nafuu!" Hoja hii naiheshimu, maana ni kweli wanapata. Ila baadhi ya antibiotiki, siprofloksasini na doksisaiklini zikiwemo, hutuliza uvimbe hata pasipo bakteria, kama zinavyofanya dawa za maumivu. Na maumivu haya yana kupwa na kujaa kwake. Mtu hununua dawa siku maji yamejaa kabisa. Wiki moja baadaye yanapwa yenyewe, na dawa inapewa sifa. Mwaka 2004 zilichapishwa Marekani habari za jaribio la wanaume 196 wa aina hii: baadhi walipewa siprofloksasini wiki sita, baadhi tamsulosini ya kulegeza shingo ya kibofu, baadhi zote mbili, baadhi vidonge visivyo na dawa. Mwishoni hapakuwa na tofauti ya maana baina yao.

Na siprofloksasini si peremende. Tangu 2008 Marekani iliitaka ibebe onyo kali kwa sababu yaweza kuvimbisha na hata kukata kano, hasa ile nene ya juu ya kisigino, zaidi kwa wazee na wanaotumia dawa za steroidi.

Tiba ya maumivu haya ni ya kuunganisha vitu. Licha ya jaribio lile, aliyeugua chini ya mwaka mmoja aweza kunufaika na tamsulosini. Mtaalamu wa mazoezi tiba hufundisha kuilegeza misuli, siyo kuikaza. Yale mazoezi ya kubana yanayosambazwa mitandaoni kama siri ya nguvu za kiume huwazidishia baadhi ya watu hawa. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi na tano jioni kunasaidia kuliko kunavyosikika. Kahawa, pombe na pilipili huwachokoza baadhi. Jaribu kuacha kimoja kimoja uone. Na msongo wa mawazo hauumbi maumivu kutoka hewani, lakini unajua kuyapandisha sauti.

Madafu? Nayapenda, na ni maji mazuri ya kunywa, lakini hayaui bakteria wala hayafiki kwenye dodoki. "Dawa ya kusafisha mkojo" inayouzwa kwenye chupa isiyo na lebo siwezi kuisemea, kwa sababu hata anayeiuza hawezi. Choo cha kukalia hakikupi ugonjwa wa tezi dume, na punyeto pia haikupi.

Mengine hayasubiri dirisha la duka. Homa na kutetemeka pamoja na mkojo kuchoma au kuziba kwa mwanaume ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Tezi dume iliyoshambuliwa ghafla inaweza kumwaga bakteria kwenye damu, na hapo ndipo sindano zinapofanya kazi yake halali, maana tezi iliyowaka hulegeza kizuizi chake. Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu, ichunguzwe mpaka chanzo kijulikane. Na mzee wangu unayetaka kupima PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume: usiipime katikati ya UTI. Maambukizi huipandisha yenyewe, ukalala na hofu ya saratani bure. Subiri wiki sita hadi nane baada ya kupona.

Fundi amehamisha cherehani yake karibu na meza ya kukatia, ili asikae kutwa nzima: kila nguo mbili anakata moja kwa kusimama. Anakwenda mazoezi tiba Jumatano. Hajapona kabisa: mwezi uliopita, msimu wa sare za shule, alikuwa na siku nne mbaya. Alipita dukani siku ya tatu, akatazama kabati la nyuma yangu muda mrefu kidogo, kisha akanunua dawa ya kikohozi ya mtoto na kuondoka.